Ukiletewa samansi ya deni: mambo ya kuzingatia kabla siku hazijaisha

Samansi yangu ilinifikia kwa WhatsApp, Jumanne asubuhi, nikiwa soko la Kibuye nampimia mteja omena. Hakuna askari aliyekuja, wala bahasha ya kahawia. Ni tiki mbili na faili moja, na ndani yake jina langu kwa herufi kubwa upande wa anayedaiwa. Nikazima skrini, nikaendelea kupima. Siku nne nzima nilijidanganya kwamba karatasi ya simu si karatasi.

Ni karatasi. Hapa Kenya, kanuni za mashauri ya madai zilirekebishwa mwaka 2020, na tangu hapo samansi inaweza kupelekwa kwa barua pepe au kwa programu za ujumbe, kwenye namba unayojulikana kuitumia. Anayepeleka anapopata ishara kwamba ujumbe umekufikia, kwa mahakama umeshapokea. Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa, hata kabla ya kusoma unadaiwa nini, ni kuandika mahali tarehe na saa uliyoipokea, kisha kupiga picha ya skrini. Siku zako zinahesabiwa kuanzia siku inayofuata.

Ziko ngapi? Samansi yenyewe hutaja. Kwa madeni yetu haya ya friji, sofa, simu na mikopo midogo, kesi nyingi hupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na sasa ina vituo Kisumu, Nakuru, Kakamega na kwingineko. Inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Jibu huwasilishwa ndani ya siku 15, na kesi yote inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Usije ukafikiri ni zile kesi za shamba zinazosukumwa miaka kumi. Hapa kuomba tarehe nyingine ni shida kweli, na hakimu atataka sababu nzito. Kama samansi imetoka mahakama ya kawaida ya hakimu, hatua ni mbili: kwanza unaijulisha mahakama kwamba utajitetea, kisha unawasilisha utetezi ndani ya siku 14 baada ya hapo.

Ila kabla ya hofu, hakikisha ni samansi kweli. Wakusanyaji madeni wana ufundi wa kutuma barua zenye nembo za mizani na maneno makali, kumbe ni barua ya kudai tu. Samansi ya kweli ina jina la mahakama, kituo chake na namba ya kesi. Ya Madai Madogo huanza na herufi kama SCCCOMM, halafu E na namba, halafu mwaka. Ukiwa na namba hiyo, nenda masjala ya mahakama ukaulize, au itafute kwenye mtandao wa mahakama wa kuwasilisha kesi, ambao tangu Machi 2024 unatumika nchi nzima. Mimi nilienda mwenyewe. Kijana wa masjala aliitazama simu yangu mara moja tu, akauliza, "Mama, hii ulipata lini?" Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, akasema, "Basi uko na siku kumi na moja. Usikae."

Na huyo anayekupigia simu akisema utalala gereza la Kodiaga leo usiku, mwache aseme. Deni si jinai. Polisi hawakukamati kwa sababu ya friji. Kufungwa kwa deni kupo kisheria, lakini huja baada ya hukumu, baada ya wewe kuitwa ueleze kwa nini hulipi, na baada ya mahakama kuridhika, kwa mfano, kwamba uwezo unao na umekataa tu. Hata hivyo hakuzidi miezi 6. Kinachowaumiza watu si jela. Ni hukumu inayotolewa bila wao kusema neno, kwa kiasi chochote alichokiandika mdai.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwenye kile kiasi. Wengi wetu tukisoma samansi tunajiuliza swali moja, je, ninadaiwa au sidaiwi? Na kwa kuwa tunajua tunadaiwa, tunanyamaza kwa aibu. Swali lenye faida ni: ninadaiwa ngapi?

Friji yangu niliichukua kwa malipo ya awamu. Nilitoa shilingi 12,000 mwanzo, kisha nikatakiwa kulipa 6,500 kila mwezi kwa miezi 10, yaani 65,000. Dukani walinishtaki kwa 68,500. Nilikaa mezani na binti yangu, tukatoa mkataba kwenye mfuko wa nailoni tunapohifadhi vyeti, tukaitoa na taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima kwa kupiga *334#, tukaichapisha kwa saiba. Tukachukua kalamu nyekundu. Malipo yaliyopitia Paybill ya duka, yaani namba yake rasmi ya kupokea malipo, yalikuwa matano, 32,500, na hayo waliyakubali. Lakini yalikuwepo mengine mawili ya 6,500 niliyomtumia mkusanyaji wao kwenye namba yake binafsi, kwa sababu alikuwa ameniandikia, "Mama, tuma kwa hii, Paybill iko na shida." Kwenye hesabu ya duka hayo hayakuwepo kabisa. Kisha kulikuwa na faini za kuchelewa, 27,000. Mkataba ulitaja faini ya shilingi 500 kwa mwezi, nami nilikuwa nimechelewa miezi 8, ambayo ni 4,000. Hizo nyingine 23,000 zilitoka wapi? Chini kabisa palikuwa na 9,000 za "gharama ya kufuatilia", neno ambalo halikuwepo mahali popote kwenye karatasi niliyotia sahihi.

Kwa hiyo deni langu la haki lilikuwa 19,500 na faini 4,000. Jumla 23,500. Nililia kidogo, si kwa furaha, ila kwa kukumbuka kwamba siku nne nilikuwa tayari kunyamaza.

Basi kabla ya kuandika jibu, kusanya mkataba, risiti zote, taarifa ya M-Pesa au ya benki, na jumbe za simu. Jumbe ni dhahabu. Usifute hata ule wa matusi. Ujumbe wa yule mkusanyaji ndio uliounganisha namba yake na duka, maana namba hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikinikumbusha deni kila mwisho wa mwezi. Mahakama ya Madai Madogo haifungwi na kanuni kali za ushahidi, kwa hiyo picha za skrini zilizochapishwa vizuri, zenye tarehe na namba, zinasomwa. Zipange kwa tarehe na uzipe namba za ukurasa. Hakimu mwenye kesi nyingi hatatafuta risiti yako katikati ya rundo.

Kama mkopeshaji ni benki, angalia pia riba imefika wapi. Sheria ya Benki, kifungu cha 44A, inasema mkopo ukishaharibika, riba itakayodaiwa haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwa limebaki wakati huo. Ulibakiza 40,000, riba haipiti 40,000. Duka la friji si benki, kwa hiyo mimi hilo halikunisaidia. Kilichonisaidia ni Sheria ya Ununuzi wa Awamu, Sura ya 507: mkataba wako ukiwa wa aina hiyo na ukiwa umeshalipa theluthi mbili ya bei yote, muuzaji hawezi kuja na pikapu kuchukua kitu bila kwenda mahakamani. Bei yangu yote ilikuwa 77,000. Kwa hesabu ya duka nilikuwa nimelipa 44,500, sijafika. Kwa hesabu yangu, pamoja na yale malipo mawili yaliyopotea, 57,500. Nimepita.

Deni la zamani lina mambo yake. Deni la mkataba halidaiwi mahakamani baada ya miaka 6, lakini ni lazima ulitaje hilo kwenye jibu lako. Na kuna mtego: ukituma hata shilingi 500 "za kuonyesha nia njema", au ukitia sahihi barua ya kukiri deni, miaka inaanza kuhesabiwa upya. Mkusanyaji anayebembeleza sana umtumie kidogo tu leo, muulize kwanza deni ni la mwaka gani.

Kuandika jibu si kazi ya kutisha. Kuna fomu. Unasema unakubali lipi na unakataa lipi, na kwa nini. Usikatae kila kitu kwa hasira, maana ukikataa hata mkataba wenye sahihi yako, utaaminiwa vipi kwenye yale malipo mawili? Lakini usikubali kiasi ambacho hujakikokotoa mwenyewe, kwa sababu kile ulichokubali mdai anaweza kuombea hukumu papo hapo. Kama wao nao wana deni kwako, mfano friji iliyokufa ndani ya udhamini, dai lako unaweza kuliweka humohumo. Unaweza kuandika na kusema kwa Kiswahili. Hiyo ni lugha ya mahakama hii, na wakili si lazima. Ukimhitaji na huna uwezo, uliza Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Ukishawasilisha, mpelekee mdai nakala na utunze uthibitisho kwamba ameipata.

Shemeji yangu wa Nakuru alikopa kwa simu na akashtakiwa Milimani, Nairobi. Alitaka kuacha kwa sababu ya nauli. Kwa kawaida mtu hushtakiwa anapoishi au pale jambo lilipotokea, na pingamizi hilo hutolewa mapema, kwenye jibu. Isitoshe vikao vingi siku hizi ni vya mtandaoni. Yeye alihudhuria akiwa kwa jirani mwenye intaneti nzuri. Weka bando, chaji simu, vaa nguo ya heshima, na tafuta chumba kisicho na jogoo. Jogoo wa kwake aliwika jina la kesi likisomwa.

Kwangu, wakili wa duka aliona zile jumbe akaomba tuzungumze kabla ya kusikizwa. Tukaafikiana 26,000, ndani yake 2,500 za gharama zao za kufungua kesi, kwa awamu nne za 6,500. Nilisoma mara tatu kabla ya kutia sahihi, kwa sababu makubaliano ya namna hii yakishaandikwa mahakamani yanakuwa amri, na awamu moja ikikosekana wanaweza kukuletea madalali wa mahakama. Walitaka nimalize kwa miezi miwili, nikasema sina uwezo huo. Ahidi kile ambacho soko likiwa baya bado utakipata.

Na kama umechelewa, hukumu imeshatolewa? Omba iondolewe, upesi, ukieleza kwa nini hukujibu na uambatanishe jibu ambalo ungetoa. Dalali akija, muulize leseni na amri ya mahakama. Akiorodhesha vitu vyako anakupa siku 7 kabla ya kuvichukua, na vitanda, vyombo vya kupikia na nguo zako za lazima havigusi. Ndani ya siku hizo bado unaweza kuomba kulipa kwa awamu.

Awamu yangu ya mwisho niliituma Ijumaa, kwa Paybill, si kwa namba ya mtu. Kisha nikadai barua ya duka kwamba deni limeisha, nikahakikisha faili limefungwa masjala, na baada ya wiki chache nikaangalia kama jina langu bado liko kwenye orodha ya wanaodaiwa ya ofisi ya taarifa za mikopo (CRB). Bado lilikuwepo. Nikarudi dukani na ile barua, na safari hii waliliondoa.