Namna ya kuchagua programu ya orodha ya manunuzi kwa mnunuzi wa Dar

Napika oda za mchana za maofisini na shughuli za wikiendi, kwa hiyo orodha ya manunuzi kwangu ni kitendea kazi kama sufuria. Watu huniuliza natumia programu gani, nami huwajibu kwa swali: sokoni anakwenda nani, na ana simu gani? Nyingi ya programu hizi zimetengenezwa kwa mtu anayesukuma kitoroli ndani ya supamaketi moja, kila kitu kikiwa kimebandikwa bei. Sisi samaki tunawafuata Feri, ndizi Mabibo, viazi na vitunguu Ilala, mchicha genge la mtaani, na chumvi iliyosahaulika tunamtuma mtoto kwa Mangi. Chagua kwa kuangalia huko kwanza.

Hatua ya 1: Andika orodha ya wiki kwenye karatasi

Kabla hujapakua chochote, chukua karatasi uandike manunuzi ya wiki moja vilevile unavyoyatamka. Nyanya mafungu 2. Mafuta ya kupima nusu lita. Dagaa wa Mwanza robo. Tembele la jero. Sembe kilo 5. Ndizi mzuzu chane 1. Pembeni ya kila kitu andika kinanunuliwa wapi na ananunua nani.

Karatasi hiyo ndiyo mtihani utakaozipa programu. Programu nyingi zitakupa kilo, lita na pakiti za kuchagua. Fungu, sado na jero hazizijui. Kwa hiyo sharti la kwanza ni kwamba ikuruhusu kuandika maneno yako mwenyewe bila kukulazimisha kuchagua kipimo. La pili, ikuruhusu kugawa orodha kwa mahali pa kununulia. Makundi ya kizungu kama "vyakula vilivyogandishwa" na "vya kuoka" hayakusaidii kitu ukiwa umesimama kati ya mameza ya Ilala.

Hatua ya 2: Kagua simu ya anayekwenda sokoni

Wengi hukosea hapa kwa sababu wanachagua kwa simu yao wenyewe. Ikiwa dada wa nyumbani ndiye anayekwenda gengeni na ana kitochi, hakuna programu itakayomfaa. Wewe tunza orodha kwenye simu yako, kisha mtumie kwa SMS. Katika hali hiyo tafuta programu inayotoa orodha kama maandishi ya kawaida unapobonyeza kitufe cha kushiriki.

Kama ana simu janja, angalia nafasi iliyobaki. Simu iliyojaa picha na video za magrupu haitapokea programu mpya bila kugombana nayo. Angalia pia kama nyote mko upande mmoja, Android au iPhone. Programu ya Vikumbusho (Reminders) ya Apple, tangu iOS 17, mfumo wa iPhone wa mwaka 2023, inapanga vyakula kwa makundi yenyewe, ila kushirikiana kunapitia iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, kwa hiyo mwenye Android anabaki nje. Na ukiandika kisamvu, usitegemee itajua pa kukiweka.

Najua kuna atakayesema WhatsApp inatosha. Inatosha kwa kumtuma mtu vitu vitatu. Orodha ndefu inazama chini ya salamu na sauti za watu, na ujumbe wenyewe unaweza kuuhariri ndani ya dakika 15 tu. Ukikumbuka binzari baada ya hapo unaandika ujumbe mpya, na huo mpya ndio usiosomwa.

Hatua ya 3: Pakua mbili tu

Ukipakua tano utaishia kulinganisha rangi. Chagua mbili kutoka hizi.

Google Keep ndiyo ninayowashauri watu wengi, ingawa si programu ya manunuzi hasa. Ni daftari lenye visanduku vya kuweka tiki. Ni ya bure, haina matangazo, na simu nyingi za Android tayari zina akaunti ya Google inayohitajika. Itengeneze hivi: fungua ukurasa mmoja kwa kila mahali, mfano Feri, Ilala, Genge, Duka. Ongeza barua pepe ya mwenzako kwenye sehemu ya washirika, ili anachoweka tiki kionekane na kwako. Kitu kikishawekwa tiki kinashuka chini. Wiki ijayo usiandike upya: gusa nukta tatu, chagua kuondoa tiki zote, orodha nzima inarudi kama ilivyokuwa, kisha unafuta usichohitaji.

Mpangilio wa vitu unaweza kuubadilisha kwa kuvuta kwa kidole, na hapo ndipo orodha inapoanza kukuokolea muda. Orodha yangu ya Ilala inaanza na viazi na vitunguu, kwa sababu nalipia mapema na kumwambia muuzaji aniwekee mpaka nizunguke. Karoti, hoho na nyanya chungu zinafuata. Nyanya zipo mwisho kabisa, ziende juu ya kikapu zisipondeke. Feri kuna mstari wa samaki na mstari wa barafu, na wa barafu nimeuweka juu ili nisijikute na kibua mkononi jua la saa tano.

Bring! ya Uswisi inaonyesha vitu kwa vigae vya picha: unagusa kigae, kitu kinatoka kwenye orodha. Inamfaa asiyependa kusoma orodha ndefu. Kitu isichokijua, kama tembele, inakipa kigae chenye herufi ya kwanza, kwa hiyo tembele na tangawizi vinaweza kukaa jirani kwa herufi T. Anayesoma taratibu atachanganyikiwa hapo.

Listonic, ya Poland, ichukue kama shida yako ni bajeti: unaandika bei, nayo inajumlisha. Toleo la bure lina matangazo. OurGroceries ni nyepesi na inakubali majina yako ya makundi, kwa hiyo "Mabibo" linaweza kuwa kundi. Nayo ya bure ina matangazo. AnyList ni nzuri kwa anayehifadhi pia mapishi, lakini picha na bei za vitu ni za kulipia.

Hatua ya 4: Ijaribu bila intaneti

Usiruke hatua hii. Bando huisha mtu akiwa sokoni, na ndani ya baadhi ya majengo mtandao unayumba hata ukiwa na bando.

Shirikisheni orodha kwenye simu mbili. Simu ya kwanza iweke hali ya ndegeni. Humo ndani fungua programu: orodha ionekane yote. Weka tiki kwenye sembe na vitunguu. Wakati huohuo, kwenye simu ya pili yenye intaneti, ongeza "limau 4" na ubadilishe mafuta kutoka nusu lita kuwa lita. Sasa rudisha mtandao kwenye simu ya kwanza. Unataka kuona tiki mbili zimebaki, limau zimeingia na mafuta ni lita. Kikikosekana kimojawapo, au kikijirudia mara mbili, rudia jaribio. Ikitokea tena, iondoe programu hiyo kwenye mashindano.

Ukikuta mabadiliko hayaji mpaka ufungue programu, kosa linaweza kuwa la simu. Simu nyingi za bei ya kati huzifunga programu zilizo nyuma ili kutunza chaji. Nenda kwenye mipangilio ya betri, uiruhusu programu hiyo pekee kufanya kazi wakati wote.

Hatua ya 5: Washa Kiswahili kwenye kibodi

Bila hivyo, kibodi itakusahihishia dona na hoho kwa Kiingereza bila kuombwa. Kwenye Gboard, kibodi ya Google, ongeza Kiswahili katika orodha ya lugha. Kisha gusa kipaza sauti utamke. Kuandika kwa sauti kwa Kiswahili kulikuja kwenye huduma za Google mwaka 2017, na kwa mtu mwenye mikono iliyojaa unga ni msaada mkubwa. Kagua tu tarakimu baada ya kutamka.

Hatua ya 6: Ruhusa na malipo

Orodha ya sokoni haihitaji majina ya watu kwenye simu yako. Ikiomba, kataa, kamera iruhusu kama unapiga picha za bidhaa. Usilipie kabla ya wiki kadhaa za matumizi, na ukilipia usajili kumbuka kwamba kufuta programu kwenye simu hakusitishi makato. Unasitisha ndani ya Play Store, sehemu ya usajili.

Programu pia hufa. Wunderlist, programu ya orodha, ilikuwa na watumiaji dunia nzima, Microsoft ikainunua 2015 na kuifunga Mei 2020. Ndiyo maana ile njia ya kutoa orodha kama maandishi, tuliyoitaja kwa ajili ya kitochi, mimi huidai hata kwa wenye simu janja wote.

Hatua ya 7: Nenda nayo sokoni

Fanya mizunguko miwili ya kweli, kila programu mzunguko wake. Ongeza mwanga wa skrini na ukubwa wa maandishi kabla hujashuka kwenye daladala. Kariakoo usitembee ukiwa umeshika simu mkononi: simama dukani, soma vitu vitatu au vinne, irudishe ndani, nunua, kisha weka tiki zote kwa pamoja ukiwa umesimama tena. Programu inayokutaka uguseguse mara tatu ili kuweka tiki moja itakuchosha kabla ya kufika kwenye nazi.

Bei uliyolipa iandike palepale mbele ya jina: "vitunguu kilo, 2,000". Wiki ijayo muuzaji akitaja bei mpya, una pa kuanzia kupatana.

Mwulize pia uliyemtuma. Akisema karatasi ilikuwa rahisi zaidi, mwache na karatasi. Wewe baki na programu ya kukumbuka na kumtumia maandishi. Ile iliyoshindwa, ingia kwanza kwenye mipangilio yake ufute akaunti uliyofungua, ndipo uiondoe kwenye simu.