Mambo ya kuzingatia kabla ya kutuma barua yenye neno "by"

Kihusishi hiki cha Kiingereza kina herufi mbili tu, lakini kabla hujakitia katika barua, mkataba au tangazo, hakikisha unajua ni ipi kati ya kazi zake unayoitaka.

Penye mtenda hapana shida: kilichoandikwa "by" fulani kimeandikwa na fulani. Msafiri huenda "by bus", lakini atembeaye huenda "on foot". Likariri hilo uendelee. Nyumba iliyo "by the river" iko kando ya mto. Penye tarakimu, simama kidogo: mshahara wa shilingi 400,000 ukipunguzwa "by" asilimia 20 hubaki 320,000, ilhali ukipunguzwa "to" asilimia 20 ya ulivyokuwa hubaki 80,000.

Penye muda ndipo nitakapokaa, kwa sababu ndipo nilipowaponza watu wasio na kosa. Neno letu "hadi", kama ndugu yake "mpaka", hubeba maana mbili ambazo Kiingereza huzitenganisha. Tukisema "tutakuwepo hadi Ijumaa", tunataja hali inayoendelea na kukoma siku hiyo, na hapo Kiingereza hutaka "until". Tukisema "ada iwe imelipwa hadi Ijumaa", tunataja ukomo wa jambo linalotendwa mara moja, na hapo ndipo "by" huingia.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika barua kwa niaba ya akina mama wasukaji wa vikapu vya milulu kutoka Iringa, waliokuwa wamechangishana nauli na kodi ya meza ili wauze katika maonyesho jijini Dar es Salaam kuanzia Jumatano. Nilikusudia kumjulisha mnunuzi mmoja wa kigeni kwamba wangekuwepo hadi Ijumaa, nami nikaandika "They will be in Dar es Salaam by Friday". Yeye alielewa, na alikuwa sahihi kabisa, kwamba kufikia Ijumaa wangekuwa wamekwisha kuwasili, akapanga kuja Jumamosi. Alikuta meza tupu. Saa hiyo akina mama walikuwa ndani ya basi wakirudi kwao na vikapu ambavyo havikuuzwa, na mkubwa wao alinipigia simu wakiwa karibu kuupanda mlima Kitonga, akaniuliza kwa upole ulioniuma kuliko lawama: "Mwanangu, mgeni wetu alipatwa na nini?"

Kwa hiyo, kabla hujatuma, ondoa "by" na uweke "not later than" mahali pake. Sentensi ikiendelea kusema unachokusudia, iache. Ikigeuka, ulihitaji "until", na ni salama zaidi kutaja siku ya kuanza pamoja na ya kumaliza.

Unapopokea barua, kitazame kitenzi kilichotangulia, kwani ombi linalotakiwa liwe "received by 30 June" lazima liwe limefika mezani siku hiyo, si kutiwa posta siku hiyo. Usibishane peke yako kama siku iliyotajwa imo ndani ya muda. Uliza kwa maandishi. Ukiambiwa "by midnight", uliza pia ni usiku wa manane wa wapi, maana mwezi Juni saa sita usiku ya London ni saa nane usiku kwetu, na ukomo uliowekwa kwa saa za Tokyo hutufikia saa kumi na mbili jioni, wakati wengi bado tuko njiani kurudi nyumbani.