Kumulika goti lililobadilishwa: ninavyofanya mimi

Juzi mama mmoja wa Igoma, Mwanza, alinijia na taa nyekundu ya joto, ya kukandia mgongo, akitaka nimmulikie goti bandia alilowekewa majuma matatu nyuma. Nikamwambia, mama, hiyo itakuunguza tu. Tiba ya mwanga, ile ya kusaidia kupunguza maumivu, haitakiwi kuchoma. Inatumia mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 630 hadi 660, au ule usioonekana wa kuanzia 800 hivi. Chuma cha goti hakina shida nayo. Shida ni zile mashine za mawimbi mafupi zinazopasha joto ndani. Hizo zisikukaribie.

Kwanza, ruhusa ya daktari aliyekupasua. Mwambie kama una saratani, una mimba, au unameza antibayotiki ya doksisaiklini, maana dawa hiyo huifanya ngozi isivumilie mwanga.

Pili, dozi. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Zidisha wati kwa sekunde, upate jouli, yaani kiasi cha nishati. Kifaa cha miliwati 100, yaani wati 0.1, kikikaa sekunde 40, umetoa jouli 4, na mimi huanzia hapo kwa kila nukta ninayomulika. Nilipoanza kazi nilikuwa naongeza muda nikidhani naongeza nafuu. Wapi! Mwanga ukizidi, faida yake hupungua. Halafu ngozi zetu nyeusi hunyonya mwanga mwingi, kwa hiyo kifaa chenye nguvu huweza kuchoma. Ukihisi joto, ondoa.

Tatu, miwani ya kinga, wewe na anayekumulika. Weka mto chini ya goti, safisha kichwa cha kifaa kwa spiriti, kisha mulika nukta kadhaa pande zote mbili za pia ya goti. Kidonda hakijafunga? Usikiguse, pita kandokando.

Nne, ukizima tu, fanya mazoezi. Tandika kitenge chini ya kisigino, uburute mguu taratibu kuelekea makalio, uhesabu hadi tano, unyooshe. Kitenge kinateleza vizuri kuliko shuka. Dawa za maumivu endelea nazo kama ulivyoandikiwa. Mwanga ni msaidizi tu.

Ila kidonda kikitoa usaha, homa ikipanda, au ukavimba na kuuma nyuma ya muundi, usimulike chochote, nenda hospitali. Kifua kikibana ndiyo usingoje kabisa, huenda ni damu iliyoganda. Wagonjwa wa kisiwa cha Ukerewe huwa nawaomba wakae kwa ndugu mjini majuma ya mwanzo, maana hali ikibadilika usiku, ziwa lipo katikati.