Mfundishe mtoto kusimama kama mti mbwa anapomjia

Mtoto akikimbia, mbwa humfukuza. Hata asiye mkali huona ni mchezo. Basi mfundishe jambo moja: mbwa usiyemjua akikujia, simama kama mti. Miguu itulie, mikono ishikane mbele ya tumbo, macho yatazame vidole vya miguu, mdomo kimya. Mbwa atanusa, atakosa cha kukimbiza, na mara nyingi ataondoka zake. Macho ndiyo watoto husahau, na kumkodolea mbwa macho ni kumchokoza. Kumwambia tu hakutoshi. Fanyeni mazoezi nyumbani: wewe uwe mbwa, umzunguke na kumnusa mpaka azoee kutotikisika.

Mbinu hii haisaidii mbwa akishamwangusha. Hapo ajikunje kifudifudi, magoti tumboni, vidole avifumbate nyuma ya shingo, mikono izibe masikio. Mtoto mdogo sana hawezi haya yote. Huyo asiachwe peke yake na mbwa, hata wa nyumbani.

Aking'atwa, hata ukiwa mkwaruzo tu, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Usisubiri dalili: zikishaanza, ugonjwa huu huua karibu kila mara. Na mwambie mapema kwamba hatagombezwa akisema ameng'atwa, maana wapo wanaoficha jeraha kwa kuogopa kuchapwa.