Kutengeneza mfano wa treni ya zamani kwa meza ya mapokezi

Hoteli na ofisi za utalii hapa Moshi zinapenda kuweka mapokezi kitu cha kumvuta mgeni, na treni ya abiria ya zamani inamvuta kweli. Mimi naitengeneza kwa mbao. Kabla hujashika msumeno muulize mteja anataka treni ya njia ipi, na ya mwaka gani. Wengi huleta picha ya Garratt za daraja la 59, vile vichwa vya treni vya mvuke vilivyopewa majina ya milima, Mount Kilimanjaro kikiwemo. Vichwa vizuri sana, lakini vyote 34 vilitoka kwa Beyer Peacock wa Manchester miaka ya 1950 kwa ajili ya njia ya Mombasa hadi Nairobi. Usiviweke juu ya kibao, yaani ubao wa kusimamishia mfano, kilichoandikwa "Tanga–Moshi". Reli ya Tanga ilifika Moshi 1911 na Arusha 1929. Ina historia yake ya kutosha. Angalia na herufi: behewa la 1935 haliwezi kuandikwa EAR&H (East African Railways and Harbours), shirika hilo la reli na bandari lilianza 1948.

Kipimo changu ni 1:40. Njia yetu ina milimita 1,000 kati ya reli na reli, kwa hiyo kwenye mfano unapata 25 kamili, na rula ya shule inatosha. Behewa la mita 18 linakuwa sentimita 45. Usipanue njia ili mfano usimame vizuri. Behewa pana juu ya magurudumu yaliyosogeleana ndiyo sura ya treni zetu, na ukiipoteza hiyo umetengeneza treni ya Ulaya.

Kuta ni plaiwudi ya milimita 3. Toboa madirisha yote kabla ya kuunganisha, kona uzimalizie kwa tupa ndogo, kisha bandika kwa ndani ile plastiki angavu ya kufunikia ripoti, inauzwa stesheneri. Paa linanipa raha kuliko yote: pasua bomba la PVC la inchi 4 kwa urefu, chukua kipande cha upana wa sentimita 7, tayari lina mviringo wake. Likwaruze kwa msasa mpaka mng'aro uishe, la sivyo rangi itabanduka. Rangi ipake nyembamba, mara kadhaa. Ikiwa nzito inaziba mistari ya mbao.

Mteja atakuambia, "Fundi, jina la hoteli liandike ubavuni." Mimi hujibu, "Mama, ubavuni ni pa shirika la reli. Jina lako litakaa kwenye kibao, kubwa, na njia na mwaka chini yake." Hapo sirudi nyuma, maana mgeni anapiga picha treni na kibao pamoja, tangazo linakwenda lote.

Mwisho funga behewa kwa skrubu kutokea chini ya kibao, kwa sababu wafagiaji watalinyanyua kwa kushika paa. Na mwambie mwenye hoteli asiliweke dirishani. Jua la mchana linapausha rangi nyekundu kwanza.