Unakimbia baridi? Mwanza au Tanga, mambo ya kuangalia kabla hujapakia fuso

Shem wangu mwakani anafikisha 60, amefundisha Makete huko Njombe miaka ishirini na kitu, magoti yameisha kwa baridi na safari hii kaapa hata wampe shamba la viazi la bure hakai tena kule. Kwa hiyo ukoo mzima sa hivi una kesi moja tu, anahamia wapi. Dada anataka Mwanza kwa sababu ndo kwetu. Shem anataka Tanga, alisoma ualimu Korogwe enzi hizo na tangu hapo ukimtajia Tanga macho yanalegea kabisa. Mimi nimekaa Tanga miaka minne kikazi, alafu Mwanza ndo nilipojenga, basi kila wiki napigiwa simu na pande zote mbili kama mimi ndo baraza la usuluhishi. Haya sasa nayaandika yote mara moja, na wewe kama unatoka Njombe au Mbeya au hata Arusha na unawaza kwenda kuota jua uzeeni, chukua humohumo.

Cha kwanza, joto sio moja. Watu wanasema "kote joto tu" na hapo ndo wanapoumia. Mwanza iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo mchana utapata nyuzi 28 hivi lakini usiku kunapoa na unalala vizuri, mwezi wa saba alfajiri unatafuta shuka la pili. Tanga iko chini kabisa, baharini, na kuanzia Desemba mpaka Machi kipindi cha kaskazi jua linapiga nyuzi 31, 32, alafu kuna unyevu hewani, unaoga saa nne usiku unatoka bafuni jasho linaanza upya kabla hujamaliza kujifuta. Mwaka wangu wa kwanza kule nililala kwenye vigae sebuleni mwezi mzima, godoro liko chumbani limetandikwa vizuri kama la mgeni. Lakini upepo wa kusi ukishaingia, Juni, Julai, Agosti, jamani Tanga ile ni raha, sidanganyi. Shem anaikumbuka Tanga ya likizo ya Juni na ndo maana hatuelewani.

Kwa hiyo kabla hujaamua nenda ukae mwezi ule mbaya wa mahali, usiende mwezi mzuri. Tanga nenda Februari, panga chumba cha kawaida mtaani, Makorora au Mikanjuni, sio hoteli ya Raskazone yenye kiyoyozi, alafu uone umeme wa feni usiku kucha unakula shilingi ngapi kwenye luku. Mwanza njoo Novemba au Aprili, mvua ikiwa inashuka, uone barabara ya kwenda kwenye hicho kiwanja unachokitamani inavyogeuka mto, na usikie radi. Radi za huku sio mchezo, ziwa linatengeneza mawingu usiku na alfajiri yanapasuka, hata wavuvi wanaziogopa kuliko mawimbi. Friji yangu ya kwanza iliondoka na radi ya aina hiyo, saa kumi usiku, paa, kimya, harufu ya waya. Sa hivi mvua ikinguruma tu nachomoa kila kitu ukutani.

Hospitali. Hapa naomba tusiwe na aibu, mtu wa miaka 60 hahami kufuata upepo, anahamia karibu na daktari hata kama yeye mwenyewe hajui. Mwanza ina Bugando, ipo pale mlimani tangu 1971, ni rufaa ya kanda nzima ya ziwa, madaktari bingwa wapo, saratani wanatibu mpaka kwa mionzi. Ubaya wake ni hiyohiyo rufaa, watu wanakuja kutoka Geita, Kagera, Mara, Simiyu, Shinyanga, kwa hiyo foleni ni ndefu na kliniki unawahi alfajiri. Kwa presha na sukari za kila mwezi wengi tunaishia Sekou Toure, ndo hospitali ya mkoa, au vituo vya jirani. Tanga kuna Bombo, hospitali ya mkoa, ya zamani, ipo kando ya bahari, watu wake wakarimu, lakini likija jambo kubwa la moyo au saratani jiandae kwa safari, ni KCMC Moshi au Dar. Sasa jiulize, ukipata shida saa nane usiku nani anakubeba na mnakwenda umbali gani? Kingine, kadi yako ya bima piga simu kabisa kwenye kituo unachokusudia kutumia uulize kama wanaipokea na dawa zako zile zipo, usitegemee "wanapokea bwana" ya dalali wa nyumba. Na kama unatumia zile dawa za presha za kukojoza mwambie daktari wako unahamia kwenye joto, maana jasho la Tanga likijumlishwa na hizo dawa mwili unakauka maji, unaanza kizunguzungu unadhani umerogwa.

Malaria naisema peke yake kwa sababu watu wa Makete hawaichukulii siriasi kabisa. Huko Njombe malaria karibu hamna, kwa hiyo mwili wako hauna mazoea nayo hata kama una mvi. Mtu mzima wa Mwanza akipata homa anajiburuza anakwenda kupima jioni akitoka kazini, wewe ukisubiri hivyohivyo siku tatu utalazwa. Iwe ziwani iwe pwani, chandarua usiku wa kwanza kabla hata hujafungua mabegi mengine, na homa yoyote kapime siku hiyohiyo. Shem alikuja hapa Krismasi moja, akakataa chandarua, anasema kinambana pumzi. Januari alisherehekea na dripu.

Alafu ziwa lenyewe. Zuri kweli, jua likizama nyuma ya ile miamba unaweza kulia, ila ni maji ya kutazama zaidi kuliko ya kuingia. Kichocho kipo, kinakaa na konokono kwenye maji yaliyotulia yenye majani pembeni pale, na kinapita kwenye ngozi tu, sio lazima unywe. Ukitumia maji ya ziwa moja kwa moja kwa kuoga basi yaache kwenye simtanki siku mbili ndo uyaguse, vile vijidudu vinakuwa vimeshakufa. Wajukuu wakija likizo ndo mtihani wenyewe, huwezi kuwafunga kamba. Bahari ya Tanga kwa hili inashinda, unaoga, unatoka, basi.

Sasa kiwanja, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nina kidonda. Mwanza ni mji wa mawe, yale makubwa unayaona, Isamilo, Bugando, Mabatini, nyumba zimekaa juu ya miamba kama mbuzi, lakini yanayoua ni yale usiyoyaona. Mimi nilinunua Buswelu, kiwanja kimenyooka, nyasi nzuri, jiwe moja dogo tu limechungulia kwenye kona nikasema hili nitapanda maua pembeni. Fundi kuchimba shimo la choo, futi tatu, koleo likaita ngee. Kumbe lile dogo lilikuwa kichwa tu, mwili wote uko chini umelala kama kiboko. Ikabidi waje vijana wa kupasua mawe, wanawasha moto juu ya jabali usiku kucha, asubuhi linalia, linapata ufa, wanaingiza patasi na nyundo, kipande kwa kipande, wiki tano, na kila wiki nalipa. Hela ya choo ilizidi hela ya jiko. Kwa hiyo kabla hujalipia kiwanja Mwanza chukua kijana mwenye sururu, mwache atoboe sehemu nne au tano mpaka futi nne. Muuzaji akikataa umeshapata jibu. Na panda mwenyewe kwa miguu mpaka pale juu, ukiwa na ndoo mkononi, maana sehemu nyingi za mlimani fuso haifiki na presha ya bomba ikishuka maji nayo hayafiki.

Ukiona mtu anakuuzia kiwanja kimegusa maji kabisa, "bichi ploti mzee", rudi nyuma. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, iwe ziwa, iwe bahari, kwa hiyo hili ni la Mwanza na Tanga sawasawa. Na achana na sheria hata, ziwa lenyewe linahama. 2020 maji yalipanda yakaingia kwenye majumba ya watu huku mwaloni, 2024 yakapanda tena. Waulize wenyeji wa pale maji yalifika wapi, watakuonyesha alama ukutani. Mengine ni yale ya siku zote, nenda ofisi ya ardhi uangalie hiyo hati ni ya nani, pitia serikali ya mtaa, na majirani wasalimie kabla ya hela kutoka, mama muuza maandazi wa kona anajua kesi zote za viwanja vya mtaa mzima.

Tanga ardhi ni laini, unachimba kama unakata keki, adui wa kule ni chumvi. Upepo wa bahari unakula mabati, unakula grili za madirisha, unakula bawaba za milango, pasi yangu ilianza kutema kutu kwenye mashati meupe. Ukijenga karibu na bahari weka hesabu ya kupaka rangi mara kwa mara na usinunue chuma cha bei rahisi. Na bei za viwanja upande wa Chongoleani usizipime kwa kumbukumbu zako za Korogwe, kule ndo linaishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima Uganda, kilomita 1,443 zote zinakuja kumwagika pale, kwa hiyo hata mwenye minazi mitatu sa hivi anajiona ana kisima cha mafuta.

Magoti sasa, maana ndo chanzo cha safari. Hapa lazima niwe mkweli japo dada atanuna, Tanga ni tambarare na Mwanza sio. Tanga mzee wa miaka 70 anaendesha baiskeli yake taratibu kwenda sokoni na kurudi na kanzu yake, hakuna anayemshangaa. Mwanza ukikaa mlimani kila ukisahau chumvi ni ngazi za mawe sabini kushuka na sabini kupanda. Dawa yake ni kuchagua mtaa, sio mkoa. Nyegezi, Buhongwa, Kisesa au Buswelu kuna sehemu zimenyooka na daladala zinapita, huko goti litakushukuru.

Kusafiri nako kuangalie watoto wako wako wapi. Kama wako Dar, Tanga ni basi la saa tano sita, mtoto anakuja Ijumaa anarudi Jumapili. Mwanza kwa basi ni siku nzima na usiku juu, au ndege saa moja na nusu kwa anayeweza nauli. Reli ya kisasa sa hivi inafika Dodoma, kipande cha huku kwetu bado kinajengwa, kwa hiyo usihamie kwa sababu ya treni ambayo hujaipanda. Ila kama watoto wako Geita au Chato, mambo yamebadilika, daraja la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa Juni 2025, ile habari ya kukaa saa mbili unasubiri kivuko na kula mahindi ya kuchoma imeisha. Mahindi yenyewe nayakumbuka.

Hela. Mkupuo wa kustaafu sio mshahara jamani. Tangu bajeti ya 2024/25 wengi wanachukua asilimia 40 kwa pamoja, wengine 35, inayobaki inakuja kidogokidogo kila mwezi mpaka mwisho, kwa hiyo ukimwaga yote kwenye tofali mahali ambapo hujawahi kulala hata usiku mmoja wa mvua, hakuna mkupuo wa pili. Panga kwanza. Miezi sita ya kodi hata ikikuuma ni nafuu kuliko nyumba unayoichukia. Nyumba ya Makete usiuze mpaka huo mwaka wa kwanza upite, weka mpangaji.

Chakula sina la kusema sana, kote utashiba. Huku sato na sangara na dagaa wa Mwaloni Kirumba, kule changu na nazi na machungwa ya Muheza. Watu wanasema Waja leo waondoka leo, mimi niliondoka baada ya miaka minne na nikalia kituo cha basi cha Kange, kwa hiyo sishindani na utamu wa Tanga. Lakini Tanga shem anafahamiana na watu watatu, wawili wa rika lake, na mmoja kati ya hao anaumwa. Mwanza ukoo wa dada uko mtaa mzima, asubuhi utasalimiwa kwa Kisukuma, mwangaluka, na watu kumi kabla ya chai, wengine watakuchosha, watakukopa, watakuja bila taarifa na kuku mkononi. Ndo haohao watakaokubeba saa nane usiku.

Tumekubaliana hivi. Februari shem anakwenda Makorora mwezi mmoja, chumba kimeshalipiwa, feni moja. Aprili anakuja Buswelu kwangu, chumba cha watoto, tuone mvua. Nimemwambia kwenye mizigo blanketi zito aliache Makete, alete jepesi moja la huku, na la Tanga asilete kabisa. Kajibu kwa voisi noti ya dakika nne, anataka kujua kama vigae vya Makorora vinateleza.