Kama utapasuliwa tumbo, tayarisha nyumba kabla ya kwenda hospitali

Mimi nilipasuliwa tumbo mwaka jana juu ya uvimbe kwenye kizazi, na wiki nzima kabla ya ile siku kazi yangu ilikuwa kupanga mambo ya hospitali tu, beseni, shuka mbili, flaski, sabuni, Jik ya kuua vijidudu, pesa ya dawa, manake si unajua hospitali zetu hapa Uganda unaenda na kila kitu mpaka kijiko na mtu wa kukuuguza juu. Nyumba sikuifikiria hata dakika moja. Alafu hospitali nikakaa siku tano, nyumbani nikakaa wiki sita. Hapo ndipo nikaona nilipanga upande mmoja nikaacha ule mkubwa.

Kwa hivyo haya naandikia mtu ambaye ameshapewa tarehe, awe ni mama anaenda kuzaa kwa oparesheni, awe ni mzee wa henia, au ndugu wa mtu ambaye amekimbizwa usiku na apendiksi na sasa wewe ndio umebaki nyumbani. Na kama daktari wako amekwambia kitu tofauti na hiki changu fuata daktari, yeye ndiye aliona ndani.

Anza na kitanda. Kaa pembeni ya kitanda chako sasa hivi ukiwa mzima, miguu ikifika chini vizuri na magoti yasipande juu kuliko nyonga basi kitanda kiko sawa. Kama unalala kwenye godoro chini, au kitanda ni kifupi, azima kingine au weka matofali mawili mawili kila mguu na uhakikishe hakitikisiki, manake kuinuka kutoka chini na tumbo lina nyuzi ni kitu sitaki mtu yeyote akijaribu. Na kuna namna ya kuinuka, nesi mmoja wa wodi alinifundisha na nikaishika mpaka leo. Usijivute kwa kuinua kichwa kama tulivyozoea. Kunja magoti kwanza, alafu geuka ubavu mwili mzima kwa pamoja, bega na nyonga zikienda mara moja kama gogo linavyobingirika, shusha miguu nje ya kitanda, na wakati miguu inashuka unasukuma godoro na mkono wa juu na kiwiko cha chini mpaka umekaa. Tulia hapo kidogo, kizunguzungu kipite, ndio usimame. Kulala ni hivyo hivyo kwa kurudi nyuma. Fanya mazoezi hata mara tano kabla ya kwenda, ukirudi mwili utakuwa unajua wenyewe.

Chandarua pia. Mimi kila usiku nilikuwa nataka kuchomeka chandarua chini ya godoro kama kawaida, nikinyoosha mkono hivi tumbo linavuta mpaka machozi yanatoka. Mtu mwingine akuchomekee, abakishe upande wako tu. Na vitu vyako vyote, maji, dawa, simu, tochi ya stima ikipotea, viwe kwenye stuli karibu na mkono, sio chini ya kitanda na sio juu ya kabati.

Sasa choo. Hili watu wanaona haya kusema lakini ndilo lilinitesa kuliko kidonda chenyewe. Wengi wetu tuna choo cha shimo, na kuchuchumaa siku chache baada ya oparesheni, yaani unashuka vizuri alafu kupanda hauwezi, nilibaki nimeshika ukuta pale namwita wifi yangu. Kesho yake akaenda sokoni akaleta kiti cha plastiki chenye mikono, kile cha kawaida cha sherehe, tukampelekea fundi jirani akachemsha kipande cha nondo kwenye jiko la makaa mpaka kikawa chekundu, akakata tundu katikati ya kiti pole pole, moshi mwingi na harufu, alafu akasugua kingo na msasa mpaka ukipitisha mkono hausikii ncha yoyote. Miguu miwili ya kiti inakaa upande huu wa shimo na miwili upande ule. Niliketi pale nikashukuru Mungu kabisa. Tengeneza hicho kiti kabla ya kwenda. Lakini angalia, kama sakafu ya choo ni miti na udongo usiweke kiti juu yake, tumia ndoo yenye mfuniko chini ya hicho kiti ndani ya chumba, mtu akamwage. Na kama choo kiko mbali na nyumba, kwa usiku ndoo ni lazima, hata kama sakafu ni ya simiti.

Maji. Jerikeni ya lita 20 ni kilo 20, na wewe kwa wiki sita usibebe kitu cha kupita kama kilo nne tano hivi, hio ni ile jerikeni ndogo ya lita tano na hata hio sio wiki za mwanzo. Kwa hivyo panga mtu. Sio kusema "watoto watasaidia", hapana, kaa na mtu mmoja mzima mkubaliane, wifi, dada, binti wa shangazi, kama ni kumlipa umlipe, nani anachota maji, nani anafua, nani anasonga posho (ugali), nani anabeba mtoto mdogo akilia. Mtoto wa miaka miwili ni kilo kumi na zaidi, huyo usimnyanyue, akae kitandani akuje mwenyewe ubavuni. Mimi siku ya tisa niliona najisikia vizuri nikainua beseni ya nguo zilizolowa, kidogo tu kutoka hapa mpaka kwenye kamba, usiku nikaanza kuvuja maji mekundu kwenye kidonda, tukarudi hospitali kule Mbale asubuhi. Bahati ilikuwa ngozi ya juu tu. Kule ndani kunapona pole pole kuliko huku nje, ngozi inafunga mapema alafu inakudanganya.

Siku ya kutoka hospitali usipande boda, hata kama jamaa ni mpole vipi. Taksi, hizi matatu zetu, pia usikae kile kiti cha nyuma kinachorusha watu. Ongea na mtu mwenye gari mapema, weka hio pesa pembeni kabla hata haujalazwa, na beba mto mmoja. Mto huo unaukumbatia juu ya kidonda, mkanda wa gari unapita juu ya mto, na kila tuta unasukuma mto kidogo kwa mikono. Huo mto ndio utakaoshika ukikohoa, ukipiga chafya, ukicheka. Mimi ulikuwa na foronya ya kitenge na nililala nao mwezi mzima.

Dawa za maumivu, watu wa kwetu wanapenda kuvumilia, wanasema dawa nyingi sio nzuri. Sikubaliani na hilo kabisa. Usipokunywa hautapumua vizuri, hautatembea, na mtu aliyelala bila kutembea ndio anapata damu kuganda miguuni au kifua kujaa. Kunywa kwa saa zake siku za mwanzo, usisubiri maumivu yapande. Panadol za miligramu 500 mtu mzima hapitishi vidonge 8 kwa masaa 24, na ukumbuke dawa nyingi za mafua ndani zina parasetamoli, ambayo ndio hio hio panadol, kwa hivyo usichanganye. Diklofenaki na ibuprofeni ni baada ya kula, na kama una vidonda vya tumbo au shida ya figo mwambie daktari kabla. Tramadoli inaleta usingizi na inafunga choo. Waragi na pombe yoyote weka mbali, na kama umepewa Flagyl, ile antibayotiki, ndio kabisa, inaweza kukutapisha, na kutapika na nyuzi tumboni si mchezo. Antibayotiki malizia zote. Na zile dawa za kienyeji, emumbwa (zile za udongo na majani) na za kuchemsha ambazo shangazi ataleta, pokea kwa heshima, weka pembeni, muulize daktari kwanza.

Alafu kuna hii ya homa, tafadhali isikie vizuri. Sisi hapa mtu akichemka mwili neno la kwanza ni malaria, anatumwa mtoto duka la dawa analeta Coartem, maneno yanaisha. Baada ya oparesheni usifanye hivyo. Homa inaweza kuwa malaria, ndio, pima, lakini inaweza pia kuwa kidonda kinaoza ndani, au mkojo, au kifua. Nunua kipimajoto, sio ghali, ikifika 38 rudi kwa waliokupasua hata kama kipimo cha malaria kimesema ipo. Nimeona mtu kijijini kwetu akinywa dawa ya malaria siku nne huku tumbo linajaa usaha.

Chakula sitaongea sana. Anza na vilaini, uji, supu, matoke yaliyoiva vizuri, kidogo kidogo mara nyingi. Maharage, kabichi na soda ziache siku za mwanzo kwa sababu ya gesi. Kujamba usione haya, manesi wenyewe wanakuuliza kila asubuhi, ni utumbo umeamka. Choo kikifunga usisukume, kunywa maji mengi, papai asubuhi, dodo (mchicha) kwenye mchuzi, tembea, na ikipita siku tatu uliza dawa ya kulainisha. Jirani mmoja aliniambia mayai yanafanya kidonda kitoe usaha. Sio kweli, mwili unajengwa na mayai, samaki, mukene (dagaa), maziwa, karanga, kula.

Waliofanyiwa ile ya matundu madogo na kamera, mkisikia bega linauma siku mbili tatu msiogope, ni ile gesi waliyojaza tumboni, kutembea kunasaidia.

Kidonda kiache kikavu. Plasta inatolewa siku uliyoambiwa, mikono inaoshwa na sabuni kabla, ya kwako na ya anayekusaidia. Kuoga ni kusimama na kumwagiwa maji yashuke, sio kukaa ndani ya beseni, alafu unagusa gusa na kitambaa safi, hausugui. Usipake chochote, sio majivu, sio asali, sio spiriti, sio dawa ya meno. Na hapa nasema na mama zetu na mama wakwe kwa heshima yote, ile kukanda tumbo na maji moto ambayo tunawafanyia mama waliotoka kuzaa, kwa mtu aliyepasuliwa tafadhali hapana, maji moto na kukandamiza kunaunguza na kufungua kidonda. Kufunga tumbo na leso kwa nguvu pia hapana, kama daktari anataka mkanda atakuandikia mkanda. Vaa dera au gauni pana, na chupi iwe ile ndefu inayopita juu ya kidonda, lastiki isikae kwenye mshono.

Kutembea ni kuanzia siku ya kwanza, kitandani mpaka mlangoni, kesho mpaka kwa jirani, unaongeza. Usikunje mgongo kama bibi, simama wima hata kama inavuta. Na kila saa ukiwa macho vuta pumzi ndefu mara kumi umekumbatia mto, ukohoe mara moja mbili.

Wageni, aisee. Watu wetu wana upendo, watakuja wa kanisani, wa kikundi, wa soko, wote na sukari na sabuni. Weka viti nje au sebuleni, mtu asikae kwenye kitanda chako, mwenye kikohozi asalimie kutoka mlangoni, na umpe mmoja wa nyumba kazi ya kusema "mgonjwa anapumzika sasa" ili usiseme wewe. Baba watoto alifanya hio kazi vizuri sana, nusu saa ikifika anasimama na kuanza kushukuru.

Mambo ya chumbani na mzee, pamoja na kulima na kusaga na kuendesha baiskeli, ni kama wiki sita kwa oparesheni kubwa, na zungumzeni kabla ili isiwe ugomvi baadaye. Za matundu madogo ni mapema zaidi, uliza yako.

Mwisho, kabla haujaenda kulazwa, andika kwenye karatasi ubandike ukutani, namba ya wodi, namba ya mwenye gari, na haya ya kukufanya urudi hata kama ni saa nane za usiku: homa ya 38, kidonda kinanuka au kinatoa usaha au kimefunguka, wekundu unaosambaa, tumbo linavimba na kuwa gumu, kutapika bila kuacha, hakuna choo wala gesi, mguu mmoja umevimba na unauma nyuma, kifua kinabana au pumzi fupi, na kwa kina mama damu nyingi kuloweka pedi nzima kwa saa moja. Isomeshe kwa kila anayelala kwenye hio nyumba, hata mtoto wa darasa la sita, kwa sababu usiku huo anayekuwa macho anaweza kuwa ni yeye. Na karatasi ya hospitali iwe kwenye bahasha pale pale, pamoja na pesa ya gari.